Gari linachelewa kuitika ukikanyaga mafuta: kusafisha throtobodi, kufunga pedeli boksi, kubadili programu au kushughulikia gia?

Uko nyuma ya lori la mizigo kati ya Chalinze na Morogoro, mbele kumekuwa kweupe, unakanyaga mafuta, na gari linatulia kidogo kabla ya kuondoka. Ukilipeleka gereji utapata jibu mojawapo kati ya manne, kutegemea umefika kwa nani. Mmoja atasema throtobodi, yaani mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, ni chafu. Muuza vifaa atasema funga pedeli boksi, kidude cha kuchomeka kwenye waya wa pedeli ya mafuta. Kijana mwenye kompyuta mpakato atasema tubadili programu ya kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, na fundi wa gia atataka kumwaga oili ya gia. Zote nne ni kazi halali. Shida ni kwamba kila moja inagusa sehemu tofauti ya safari ya kutoka mguu wako hadi tairi, na ukinunua ya sehemu isiyo na kosa, umetoa pesa na lori bado liko mbele yako.

Kwa hiyo swali la kwanza ni ucheleweshaji unatokea wapi, na kwa bahati nzuri unaweza kulijibu mwenyewe kabla ya kufika kwa mtu yeyote.

Mguu hauvuti tena waya

Zamani pedeli ya mafuta ilifungwa waya ulioenda moja kwa moja kufungua mlango wa hewa kwenye injini. Ukikanyaga nusu, mlango ulifunguka nusu. BMW iliuondoa waya huo kwenye 750i ya V12 mwishoni mwa miaka ya 1980, Toyota ikaleta mfumo wake usio na waya, ETCS-i, muongo uliofuata, na leo Fielder ya kuanzia 2006, Premio ya 2007 kuja juu, X-Trail au Forester za miaka hiyo hazina waya. Chini ya pedeli kuna sensa mbili zinazopeleka umeme mdogo, chini ya volti 5, kwenye kontroli boksi. Ni mbili makusudi, ili moja ikidanganya nyingine imsute.

Kontroli boksi nayo haitii tu. Inapokea mguu wako kama ombi la nguvu, kisha inaangalia gia iliyopo, joto la injini, joto la gia, kama umekanyaga breki, ndipo inaamua mota ya throtobodi ifungue mlango kiasi gani. Hewa inaingia, sensa inaipima, mafuta yanapigwa kulingana na hewa hiyo, injini inatoa nguvu, na nguvu inapita kwenye gia. Kuchelewa kunaweza kutokea kwenye ombi, kwenye mlango, kwenye hewa na mafuta, au kwenye gia. Pedeli boksi inagusa ombi peke yake, na kusafisha throtobodi kunagusa mlango. Programu mpya inabadili uamuzi wa kontroli boksi wenyewe. Oili ya gia haina habari na yote hayo.

Visivyo na bei

Inua zulia la upande wa dereva. Mazulia mazito ya mpira tunayoyaweka juu ya yale ya kiwandani huzuia pedeli kufika chini, na dereva anaishia kuamini amekanyaga yote. Kisha tazama vitufe. Magari ya Japani mengi yana ECO, mengine yana SNOW, na vyote viwili hufanya pedeli iwe nzito kuitika kwa makusudi: cha kwanza kubana mafuta, cha pili kuzuia tairi zisizunguke bure kwenye theluji. Nani ana theluji Kibaha? Kizime. Kama kuna kitufe cha PWR au SPORT, kibonyeze ujaribu, kwa sababu hicho ni pedeli boksi ya bure iliyokuja na gari.

Kuna pia tabia ya kuendesha gari la otomatiki kwa miguu miwili, wa kushoto ukiwa umelala juu ya breki. Baada ya sakata la Toyota la 2009 na 2010 huko Marekani, lililohusu mazulia yaliyonasa pedeli na pedeli zilizochelewa kurudi, programu inayopunguza nguvu pale breki na mafuta vinapokanyagwa pamoja ilienea kwenye magari mapya. Gari la namna hiyo likiona breki imeguswa, halikupi nguvu hata ukikanyaga vipi. Swichi ya taa za breki iliyonasa inaweza kuleta kero hiyo hiyo kwenye baadhi ya magari, kwa hiyo angalia kama taa za nyuma zinabaki zinawaka mguu ukiwa mbali.

La mwisho ni mwinuko. Nairobi iko takribani mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa kwa presha, hupoteza hapo asilimia 15 hadi 20 ya nguvu zake. Vitz ya 1,300cc yenye nguvu za farasi 87 pwani hubaki na kama 72, na ukipanda Limuru inapungua zaidi. Aliyenunua gari Mombasa akahamia nalo Nairobi, akaanza kubadili vipuri kimoja baada ya kingine kwa sababu "limelegea", anapigana na hewa. Mbeya na Iringa ni hivyo hivyo.

Jaribio la mguu mzima

Hili ndilo linaloamua ununue nini. Tafuta barabara iliyonyooka, isiyo na watu, injini ikiwa imepata joto. Ukiwa kilomita 40 kwa saa, kanyaga hadi chini kabisa, ushikilie mpaka 80, ukisikiliza injini na kutazama mshale wa mizunguko. Kisha rudi 40, urudie kwa kukanyaga nusu tu.

Kama mguu mzima unalichomoa gari vizuri lakini nusu mguu unaliacha linasinzia, injini yako ni nzima. Kilicho kizito ni tafsiri ya ombi, na huyo ndiye mteja halali wa pedeli boksi.

Kama hata mguu mzima halivuti, hakuna pedeli boksi itakayokusaidia. Ukikanyaga yote umeshaomba asilimia 100, na kifaa hakiwezi kuomba 120. Tatizo liko kwenye mlango, hewa, mafuta, moto wa plagi au moshi unaokosa pa kutokea.

Kama mizunguko inaruka juu, injini inalia, lakini gari linafuata baadaye kwa uvivu, nenda kwa fundi wa gia.

Na kama kuna tundu la sekunde moja pale tu unapogusa mafuta ukitoka kwenye taa, kisha baada ya hapo gari linakwenda kama kawaida, anza na throtobodi na sensa ya hewa.

Kusafisha throtobodi

Hii ndiyo kazi rahisi kuliko zote, na ndiyo inayofanywa vibaya kuliko zote. Mvuke wa oili unaorudi kutoka kwenye injini huchanganyika na vumbi, ukaacha utando mweusi kuzunguka ukingo wa mlango. Mlango unapokuwa karibu kufungwa, utando huo hubana hewa kidogo inayohitajika kwenye sailensi (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta) na unapoanza kuondoka. Ndiyo maana dalili yake ni ya mwanzo wa mguu, pamoja na mtetemo wa sailensi au gari kuzimika ukiwasha kiyoyozi. Throtobodi chafu haimfanyi mtu ashindwe kupita lori akiwa kilomita 90 kwa saa, kwa sababu mlango ukishafunguka wazi utando wa ukingoni hauna maana tena. Fundi anayekuahidi kasi ya barabara kuu kwa kusafisha throtobodi anakuuzia kisichokuwepo.

Tumia dawa ya kopo iliyoandikwa ni ya throtobodi, betri ikiwa imefunguliwa, na ufute kwa kitambaa laini. Dawa kali ya kabureta inaweza kuondoa rangi maalumu iliyopakwa kwenye baadhi ya milango, na kusukuma mlango kwa kidole au bisibisi umeme ukiwepo kunaweza kuharibu giya ndogo za plastiki zilizo ndani ya mota. Ukimaliza, kontroli boksi inahitaji kujifunza upya mahali mlango unapofungia. Toyota nyingi hujifunza zenyewe baada ya betri kurudishwa na gari kuachwa kwenye sailensi. Nissan nyingi hazijifunzi hivyo. Zinahitaji mashine, au ule utaratibu wa kuhesabu sekunde kwa ufunguo na pedeli. Watu wengi huondoka gereji na Nissan Note inayonguruma juu ya mizunguko 1,200, wakadhani throtobodi imekufa, wakauziwa nyingine.

Wakati ea klina imefunguliwa, safisha na sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu, bila kuigusa. Ina waya mwembamba sana wenye joto ndani, na vumbi likiushika, hewa inasomeka ndogo kuliko ilivyo na mafuta yanapigwa machache. Zile ea klina za kupaka oili zinazouzwa kama za mashindano huchafua waya huu haraka zikipakwa oili nyingi. Sioni sababu ya kuziweka kwenye gari la kwenda kazini.

Pale mguu mzima unaposhindwa

Hapa matangazo hunyamaza na kazi ya fundi inaanza. Huhitaji fundi mkubwa ili kujua mengi. Kidude cha bluetooth cha kusoma kodi (namba za makosa ya gari) na programu ya simu vinatosha, ingawa magari ya zamani kidogo yaliyotengenezwa kwa soko la Japani pekee hugoma kuzungumza na vidude vya bei ya chini.

Washa ufunguo bila kuwasha injini, fungua usomaji wa pedeli, kanyaga polepole. Namba ipande bila kuruka wala kushuka ghafla. Usishtuke ukiona asilimia 15 au 16 mguu ukiwa mbali, wala ukifika chini namba ikaishia kwenye 80 hivi. Magari mengi huonyesha volti ya sensa ikigawanywa kwa 5, na sensa haianzii sifuri. Namba ikiruka, au kodi P2138 ikitokea, sensa mbili za pedeli zinapingana. Kwenye Toyota, sensa moja ikifa kontroli boksi hutumia iliyobaki na kukubania mlango. Zikifa zote mbili gari hubaki sailensi. Hapo unabadili pedeli nzima, na kumfungia pedeli boksi mtu wa namna hii ni hatari. P2135 ni ugomvi wa aina hiyo hiyo, ila uko kwenye sensa za throtobodi.

Sensa ya hewa nayo ina namba zake. Injini ya 1,500cc iliyopata joto huvuta kama gramu 2 hadi 3 za hewa kwa sekunde kwenye sailensi, na ikivutwa mguu mzima hadi mizunguko 5,000 pwani inapaswa kukaribia 60. Ikifika 35, ama sensa inadanganya ama hewa kweli haipiti. Tazama pia marekebisho ya mafuta ya muda mrefu (long term fuel trim). Yakiwa ndani ya asilimia 10 juu au chini, sawa. Yakivuka 15 kwenda juu, kontroli boksi inaongeza mafuta kwa sababu kuna hewa inayoingia bila kupita kwenye sensa, sensa chafu, au presha ndogo ya mafuta. Injini ya Toyota ya 1NZ iliyojaa barabarani kwetu hutaka presha ya kilopaskali 304 hadi 343. Kichujio chake cha mafuta kiko ndani ya tangi, hakionekani, kwa hiyo hakibadilishwi, na baada ya miaka ya mafuta ya vituo mbalimbali ndicho kinachokaba gari kwenye mlima.

Plagi za iridiamu hufika kilomita 100,000 zikiwa halisi. Feki zimejaa madukani, maboksi yake yanapendeza, na gari likianza misi (silinda kukosa kuwaka) chini ya mzigo huwezi kujua ni plagi au koili mpaka ubadilishane koili za silinda mbili uone kama kodi inahama.

Kataliti, lile kopo lenye masega kwenye bomba la moshi, likiziba, gari huanza vizuri likafika mahali likagota kana kwamba kuna mtu amelishika nyuma. Kuna wanaokata masega na kuyauza kwa kisingizio hiki. Kabla ya kukubali, mwambie fundi afungue sensa ya kwanza ya oksijeni, afunge geji, apime presha ya moshi kwenye mizunguko 2,500. Ikiwa chini ya psi 3 masega yako hayajaziba. Sauti kubwa baada ya kukatwa huwafanya watu waape kwamba gari sasa linakimbia. Linapiga kelele tu, na huenda likaanza kuwasha taa ya injini.

Pedeli boksi na programu mpya, zikiwekwa pamoja

Watu huzichanganya hizi mbili kwa sababu mwenye gari huzihisi sawa siku ya kwanza. Pedeli boksi huchomekwa kati ya soketi ya pedeli na waya wake. Ukikanyaga asilimia 30, yenyewe inaiambia kontroli boksi kwamba umekanyaga 50. Nguvu ya juu ya injini haibadiliki hata farasi mmoja. Inafungwa ndani ya dakika chache, inafunguliwa vivyo hivyo, na haiachi alama. Kwa gari lililofaulu jaribio la mguu mzima, mabadiliko ni ya kweli na utayapenda mjini. Utayachukia kwenye matope, kwenye mchanga wa Kigamboni, na kwenye foleni ya Mombasa Road, kwa sababu mguu mdogo sasa unalirusha gari. Chagua yenye viwango unavyoweza kuvishusha. Na kwa kuwa inakaa kwenye waya wa usalama, isiyo na jina ya bei ya kutupa ni ya kuiacha dukani.

Kubadili programu kunaingia ndani ya kontroli boksi yenyewe: kiasi cha mafuta, wakati wa kuchoma, presha ya tabo, na tafsiri ya pedeli pia. Kwenye injini ya tabo nguvu huongezeka kwa asilimia 20 au zaidi, hiyo si porojo. Kwenye injini isiyo na tabo kama ya Fielder au Premio utapata kidogo mno, kwa bei kubwa kuliko pedeli boksi. Na nguvu hiyo mpya inapita kwenye gia ile ile, klachi ile ile, na mafuta ya kituo kile kile. Ukiamua, dai nakala ya programu ya asili ihifadhiwe na upewe, na usikubali programu iliyoandikwa kwa gari la mwenzako. Gari lenye kasoro halibadilishwi programu. Kosa litafichwa kwa muda, likirudi litakuwa limekuja na lingine.

Gia

Magari mengi ya Japani yanayoingia Dar na Mombasa ni CVT, gia ya mkanda isiyo na hatua. Kwa asili yake hupandisha mizunguko kwanza, gari likafuata. Aliyetoka kwenye gia ya mkono atasema linachelewa, naye anasema kweli, lakini haliumwi. Linaumwa pale linapotetemeka likiondoka, mizunguko ikipanda na kushuka bila mguu kusogea, au nguvu ikipungua kwenye mlima mrefu kama Kitonga kisha ikarudi baada ya kupumzika. La mwisho hilo mara nyingi ni oili ya gia kupata joto, na kontroli boksi kujilinda.

Oili sahihi ni kila kitu hapa. Toyota hutaka CVTF TC au FE kutegemea gia, Nissan NS-2 au NS-3, Honda za zamani kidogo HMMF. Ukiwekewa ATF, oili ya gia za otomatiki za kawaida, kwa sababu "oili ni oili", mkanda unateleza na gia inakufa. Kipimo chake hufanywa kwa joto maalumu, si kwa macho. Kwa barabara zetu, kubadili kila kilomita 40,000 hadi 60,000 ni busara hata kama kitabu cha gari kinasema haibadilishwi.

Mimi ningechagua nini

Fielder au Premio iliyofaulu mguu mzima lakini nzito mjini: zulia, kitufe cha ECO, kusafisha throtobodi na sensa ya hewa, oili ya gia kama historia yake haijulikani. Bado ikikukera, pedeli boksi. Programu mpya, hapana.

Forester ya tabo: kwanza hakikisha mabomba ya hewa ya tabo hayajapasuka, maana mlio wa filimbi ukikanyaga si wa kujivunia. Ukijua ni zima, programu mpya ina maana kuliko pedeli boksi, kwa sababu kuchelewa kwa tabo kujaa presha hakuondolewi kwa kuomba mapema.

Hilux au Prado ya dizeli ni habari nyingine kabisa. Nguvu ya dizeli inaamuliwa na kiasi cha mafuta, si mlango wa hewa, kwa hiyo atakayekusafishia throtobodi akidai ndiyo dawa, mshukuru uondoke. Anza na kichujio cha dizeli na maji yaliyotuama chini yake. Kisha bomba kati ya tabo na injini, masizi ya EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) kwenye manifoldi, na kwenye D-4D za zamani, injini za dizeli za Toyota, vali ya kudhibiti mafuta iliyo kwenye pampu, ambayo ikianza kunata gari husitasita na sailensi huyumba. Vali hiyo hubadilishwa peke yake. Ukiambiwa pampu nzima, omba uonyeshwe usomaji wa presha ya reli, bomba linalogawa mafuta kwa silinda, kwanza.